Kuimudu Ndoto Wakati wa Majonzi: Somo kwa Mlaji



Masomo ya kijitabu hiki aghalabu huhusu vitu vinavyoshikika: mizani ya dukani, tarehe ya mwisho wa matumizi, risiti na dhamana. Somo hili lahusu ahadi. Kwa njia ya simu ya mkononi, mtu aweza leo kuuziwa vidonge, barakoa zenye taa, mafunzo ya sauti, na hata miadi ya kukutana na marehemu wake usingizini, kwa madai kwamba ataitawala ndoto yake atakavyo. Tangazo la namna hiyo humgusa zaidi aliyefiwa, aliyeachwa, aliyepoteza kazi au anayeuguza, yaani mtu ambaye usiku umekuwa mrefu kwake kuliko mchana. Wahenga walisema mfa maji hukamata maji. Na muuzaji asiye mwaminifu anaijua methali hiyo vizuri kuliko sisi sote.

Tunakusudia mambo matatu. Kwanza, tueleze kile kilichothibitika kuhusu uwezo wa mtu kuiongoza ndoto. Pili, tuoneshe hatua ambazo mlaji aweza kuzifuata nyumbani bila kulipa chochote. Tatu, tubainishe bidhaa zinazouzwa, hatari zake, na mahali pa kupata msaada wa kweli.

Ndoto ya utambuzi ni nini?

Ndoto ya utambuzi ni ile ambayo mwotaji, akiwa bado amelala, anatambua kwamba anaota. Utambuzi huo ndio sharti lake pekee. Wengi huchanganya kutambua na kutawala, nayo ni mambo mawili. Mtu aweza kujua fika kwamba nyumba inayoungua ni ya ndotoni, na bado asiweze kuuzima moto. Uwezo wa kugeuza mambo huja kidogo kidogo, hutofautiana kati ya mtu na mtu, na wapo wasioupata kabisa.

Daktari wa Kiholanzi, Frederik van Eeden, aliziandikia ndoto hizo makala mnamo mwaka 1913 na kuzipa jina la kitaalamu linalotumika hadi leo. Hata hivyo, wanasayansi wengi waliendelea kutia shaka, kwa hoja kwamba aliyelala hawezi kutoa ushahidi. Shaka hiyo ilianza kuondoka mwaka 1975, katika mji wa Hull nchini Uingereza. Mtafiti Keith Hearne alitumia jambo moja la kimaumbile: wakati wa usingizi wa ndoto misuli mingi ya mwili hulegea, lakini macho huendelea kucheza. Alikubaliana na mwotaji mmoja kwamba akitambua yumo ndotoni ayapeleke macho kushoto na kulia kwa mpangilio maalumu. Mashine zikaunasa mpangilio huo ilhali mtu mwenyewe amelala. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichapisha matokeo kama hayo mwaka 1981. Mnamo mwaka 2021, watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walionesha kwamba baadhi ya waotaji waliweza hata kujibu hesabu nyepesi wakiwa usingizini.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba watu wapatao 55 kati ya 100 wamewahi kupata ndoto ya utambuzi angalau mara moja maishani, na 23 kati ya 100 huipata mara moja kwa mwezi au zaidi. Kwa mlaji, takwimu hizo zina maana ya moja kwa moja: huu ni uwezo wa kawaida wa binadamu. Anayekuuzia kama siri adimu anauza maji kando ya mto.

Kwa nini majonzi hutufuata kitandani?

Usingizi wa usiku huenda kwa mizunguko, kila mmoja ukichukua takriban dakika 90. Usingizi wa ndoto huja kuelekea mwisho wa mzunguko. Mwanzoni mwa usiku hudumu dakika chache tu, kisha hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Mtu mwenye majonzi huzinduka mara kwa mara, na kwa kuwa kila akizinduka huenda akawa ametoka ndotoni, huzikumbuka ndoto nyingi zaidi kuliko aliyelala fofofo hadi asubuhi.

Si kila ndoto ya huzuni ni adui. Rosalind Cartwright, mtafiti wa usingizi aliyefanya kazi Chicago kwa miaka mingi, alizifuatilia ndoto za watu waliokuwa wakipita katika talaka huku wakisumbuliwa na sonona. Aliona kwamba wale waliowaota wenzi wao waziwazi, kwa ndoto zenye hisia kali, walielekea kupata nafuu zaidi baadaye kuliko wale ambao ndoto zao ziliikwepa habari hiyo. Huenda basi usingizi una kazi yake ya kuuchambua uchungu, kama mtu apetaye mchele usiku kucha.

Kwa sababu hiyo hatumshauri mlaji ajaribu kuzifuta ndoto zote za huzuni. Kumwota mzazi aliyefariki, ukaamka machozi yakikutoka, si ugonjwa. Kinachohitaji kushughulikiwa ni jinamizi: ndoto ileile ya kutisha inayorudi, inayokuamsha kwa hofu, na inayokufanya uogope kulala.

Hatua zisizogharimu shilingi

Hatua ya kwanza ni kuulinda usingizi wenyewe. Lala na uamke kwa saa zilezile kadiri uwezavyo, hata katika siku ambazo nyumba ina wageni wa msiba. Punguza kahawa na chai ya rangi kuanzia alasiri. Jihadhari na pombe: huleta usingizi mapema, huukandamiza usingizi wa ndoto katika nusu ya kwanza ya usiku, kisha ndoto hurejea kwa nguvu alfajiri, mara nyingi zikiwa mbaya zaidi.

Hatua ya pili ni daftari la ndoto. Liweke kando ya kitanda pamoja na kalamu. Uamkapo, usiinuke wala kushika simu. Tulia kidogo, kumbuka, kisha andika hata kama ni neno moja. Baada ya wiki mbili hivi, kama ndoto zako zina mambo yanayojirudia, utaanza kuyaona: mlango usiofunguka, basi linalokuacha, sauti inayokuita kwa mbali. Mambo hayo tunayaita alama zako. Ni alama hizo zitakazokuzindua siku moja ukiwa ndotoni.

Hatua ya tatu ni uhakiki wa mchana. Mara kadhaa kwa siku, jiulize kwa dhati: je, hivi sasa ninaota? Soma maandishi yoyote yaliyo karibu, geuza macho, kisha yasome tena. Maandishi ya ukutani hubaki vilevile. Ya ndotoni mara nyingi hubadilika. Ufanye uhakiki huu hasa pale uchungu unapokushika ghafla, kwa kuwa hisia hiyohiyo ndiyo itakayokukuta usiku. Ukiizoesha akili kuuliza swali hilo mchana wakati wa uchungu, huenda ikaliuliza pia usingizini.

Hatua ya nne, ambayo kwa maoni yetu ndiyo muhimu kuliko zote, ni kuiandika upya ndoto. Chukulia mfano wa mama aliyefiwa na mumewe, ambaye kila mara huota anakimbia katika korido ya hospitali na mlango wa wodi haufunguki. Mchana, akiwa ametulia, anaiandika ndoto hiyo kwa ufupi, kisha anaibadilisha apendavyo yeye: anafika mlangoni, anaacha kukimbia, muuguzi anamfungulia, anaketi kando ya kitanda na kumshika mumewe mkono. Halafu, kwa dakika 10 hadi 20 kila siku, anafumba macho na kuipitia akilini ile ndoto mpya peke yake, bila kuirudia ya zamani. Mwanzoni achague ndoto isiyo kali sana, na ile iliyo nzito kuliko zote aiache mpaka atakapozoea.

Njia hii imepimwa. Mwaka 2001, Barry Krakow na wenzake walichapisha nchini Marekani jaribio lililowahusisha wanawake 168 waliokuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia na kuandamwa na majinamizi; waliofundishwa kuandika upya ndoto zao walipungukiwa na majinamizi na wakalala vizuri zaidi. Mwaka 2018, Chuo cha Tiba ya Usingizi cha Marekani kiliitaja kuwa tiba inayopendekezwa kwa majinamizi. Tiba kwa ndoto za utambuzi iliwekwa katika ngazi ya chini yake, miongoni mwa zile zinazoweza kutumika. Maana yake ni kwamba hata usipofanikiwa kamwe kuzinduka ndani ya ndoto, kazi uifanyayo mchana ukiwa macho inaweza kuibadili ndoto ya usiku.

Hatua ya tano ni kuweka nia. Unapojilaza, ikumbuke ndoto uliyoiota mara ya mwisho, jione ukizitambua alama zake, na ujiambie: nitakapoota tena, nitakumbuka kwamba ninaota. Njia hii ilielezwa na LaBerge, na hufaa zaidi mtu anapoamka baada ya saa tano hivi kisha akarudi kulala. Katika utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2017, waliochanganya njia hii na uhakiki wa mchana na kuamka usiku walifanikiwa katika takriban majaribio 17 kati ya 100 kwa wiki moja. Hiyo ndiyo hali halisi kwa mtu anayejitahidi: kufaulu mara moja moja, na kushindwa mara nyingi.

Wataalamu wengi huelekeza kutega saa ili kuamka usiku. Kwa mtu mwenye majonzi sisi hatushauri hivyo, kwani usingizi wake tayari umekatikakatika. Tumia nafasi inayokuja yenyewe: ukizinduka usiku bila kukusudia, au ukiamka kwa sala ya alfajiri na ukapata muda wa kulala tena, weka nia yako hapo.

Ukishatambua kwamba unaota

Mara ya kwanza, wengi huamka papo hapo kwa furaha au mshtuko. Tulia. Sugua viganja vyako vya ndotoni, gusa ukuta, tazama ardhi ulipokanyaga; waotaji wengi husema hivyo huwasaidia kubaki ndotoni. Usianze kwa kutaka kuruka angani. Chagua jambo moja dogo: kufungua mlango, kuwasha taa, kusimama badala ya kukimbia.

Ikiwa kuna kinachokufukuza, geuka ukikabili na ukiulize kinataka nini. Mara nyingi kitisho hupungua nguvu kinapotazamwa, kwa kuwa kilikua kwa hofu ya anayekimbia. Ikishindikana, unayo haki ya kuondoka: jiambie kwamba ni ndoto na ukusudie kuamka. Kujua tu kwamba upo mlango wa kutokea humpunguzia mtu woga wa kulala.

Wapo watakaotaka kumtafuta marehemu wao. Kuhusu maana ya kiroho ya ndoto kama hiyo, kila mmoja ana imani yake na wazee wake wa kuwauliza, hatuingilii. Tusemalo kama wadhibiti ni kwamba hakuna kipimo wala utaratibu unaomwezesha muuzaji kukuhakikishia mkutano huo. Sura uionayo inaweza kuja, inaweza kukataa kuja, na inaweza kuja ikiwa imenyamaza. Aliyelipia ili aambiwe neno la mwisho, kisha akakosa, hubeba msiba wa pili juu ya ule wa kwanza.

Yanayouzwa sokoni

Vidonge. Kiambato ambacho kimepimwa zaidi ni galantamini, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambayo katika baadhi ya nchi huuzwa pia kama kirutubisho. Utafiti wa mwaka 2018 wenye washiriki 121 ulionesha kwamba miligramu 8 ziliongeza ndoto za utambuzi kutoka asilimia 14 hadi 42. Hata hivyo, washiriki hao walikuwa watu waliokwisha kuvutiwa na jambo hili, walifundishwa, na waliamka usiku kufanya mazoezi. Galantamini yaweza kuleta kichefuchefu, kutapika na kupunguza mapigo ya moyo, na huingiliana na dawa nyingine. Usiinywe bila maelekezo ya daktari. Kuhusu mchanganyiko wa mitishamba usiotaja viambato vyake, ushauri wetu ni mmoja: kisichoandikwa kwenye chupa kisiingie tumboni.

Barakoa na vifaa. Barakoa huwasha taa hafifu usingizini ili mwanga uingie ndotoni kama ishara. Wengine huuona, wengine huamshwa nao, na wengine hawaoni chochote. Mtu mwenye kifafa asivitumie vifaa vya taa za kumweka bila kumwuliza daktari.

Mafunzo na miadi. Mengi hufundisha hatua zilezile ulizozisoma hapo juu. Fanya hesabu: ukilipa shilingi 30,000 kila wiki kwa miezi mitatu, yaani wiki 12, umetoa shilingi 360,000. Kwa familia iliyotoka kugharamia matibabu na mazishi, hiyo ni ada ya mtoto au kodi ya nyumba.

Kwanza tazama dawa ulizo nazo

Kabla ya kununua chochote, kagua dawa unazotumia. Zipo zinazojulikana kuleta ndoto kali au majinamizi: efavirenzi, iliyotumiwa na watu wengi wanaoishi na VVU, meflokwini, ya malaria, propranololi, ya shinikizo la damu na moyo, na baadhi ya dawa za sonona, ambazo zikiachwa ghafla huweza pia kuchafua ndoto. Usiache wala kupunguza dozi mwenyewe. Mweleze daktari au mfamasia; mara nyingi kubadilisha saa ya kumeza au aina ya dawa hutosha.

Wakati wa kusimama

Acha mazoezi haya ikiwa unachoka zaidi mchana, au ikiwa unaanza kushindwa kutenganisha yaliyotokea na yaliyootwa. Mtu aliyewahi kusikia sauti au kuona visivyokuwepo asiyajaribu bila daktari wake. Kuamkaamka usiku kwaweza pia kuongeza hali ambayo watu huiita kukabwa na jinamizi: akili imezinduka ilhali mwili bado umelegea, huwezi kujongea, na kifua kinaonekana kubanwa. Hali hiyo hutisha, lakini huisha yenyewe baada ya muda mfupi. Pumua taratibu na jaribu kujongeza kidole kimoja.

Majinamizi yanayorudi kwa wiki kadhaa, hasa baada ya ajali, ukatili au kifo cha ghafla, yapelekwe kituo cha afya na kuelezwa kama unavyoeleza homa. Na yeyote anayewaza kujidhuru au kutamani asiamke tena, asingoje ndoto wala asubuhi. Amwambie mtu wa karibu sasa hivi, na aende hospitali akiwa na mwenzi.

Maswali matano kabla ya kulipa

1. Viambato au mafunzo haya ni yapi hasa, na yameandikwa wapi?
2. Bidhaa imesajiliwa na nani, na namba ya usajili ni ipi?
3. Ni nani hapaswi kuitumia? Anayejibu kwamba hakuna, mwache.
4. Nisipofanikiwa, fedha yangu itarudi kwa utaratibu gani ulioandikwa?
5. Kwa nini natakiwa kulipa leo?

Nchini Tanzania, dawa na vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na waganga wa tiba asili na tiba mbadala husajiliwa na Baraza lao kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Tunza risiti, picha ya tangazo, mazungumzo ya simu na ujumbe wa muamala. Malalamiko yenye vielelezo hutupa sisi wadhibiti mahali pa kuanzia. Yasiyo na vielelezo hubaki maneno. Wala usione haya kulalamika kwa kuwa ulinunua ukiwa na huzuni. Huzuni yako haimhalalishii mtu udanganyifu.

Maswali ya kujipima

Je, kutambua ndoto na kuitawala vinatofautianaje? Kwa nini kuandika upya ndoto mchana kumetangulizwa mbele ya kuzinduka ndani yake? Ni dawa gani nyumbani kwako za kumwuliza mfamasia? Jadilini majibu pamoja nyumbani, na msome tena sehemu inayohusika pale mnapokwama. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; na usingizi mwema, ambao ndio tuutafutao hapa, hauuzwi na yeyote.